Sauti ya Mama Geti Ndani ya Kompyuta

Watu wengi huwajui mpaka uwaone. Mama Geti ulimjua ukiwa bado barabara ya pili, hata paa la shule hujaliona.

"Wewe mwenye soksi moja! Nyingine umemwachia nani?"

Ukisikia hivyo, ulijua asubuhi imeanza, na kwamba mahali fulani kuna mtoto anaangalia miguu yake.

Alikuwa mlinzi wa geti la shule ya msingi. Mnene kiasi, mrefu kiasi, mweusi wa kutakata, mkononi ana rungu ambalo hakuna aliyewahi kuliona likigusa kitu zaidi ya kokoto. Kila kitu chake kilikuwa cha kiasi isipokuwa sauti. Sauti hiyo alizaliwa nayo, na tangu hapo watu hawakuacha kumwomba airudishe ilikotoka. Mama yake alimwambia apunguze. Shangazi zake walimwambia mwanamke hasikiki mpaka nyumba ya tatu. Kikundi cha kwaya kilimpokea kwa furaha, na wiki iliyofuata kikamwomba radhi. Siku ya ndoa yake, alipoulizwa kama amekubali, dada yake alimkanyaga kidole cha mguu kumkumbusha ajibu taratibu. Alijibu taratibu. Njiwa wawili tu waliruka kutoka darini.

Mumewe, fundi wa baiskeli, alikuwa mtu wa maneno machache na ya chini, kama mtu anayeongea akiwa na misumari mdomoni. Kibanda chake kilitazamana na geti la shule, ng'ambo ya barabara, na kutwa nzima alikaza spoku na kuziba pancha huku akimsikia mkewe.

"Mimi nilioa redio," aliwaambia wateja. "Betri haijaisha mpaka leo."

Ujanani Mama Geti aliishi kwa sauti hiyo. Sokoni aliwaita wateja kwenye meza za nguo za watu wengine, akasimama juu ya kreti tangu jua la asubuhi mpaka vivuli virefuke, na aliposema shati hili limevaliwa mara moja tu na mtu msafi, watu waliamini. Kisha mwenye meza akanunua kipaza sauti chenye kurekodi. Akamrekodi mpwa wake, akakining'iniza kwenye nguzo, kikawa kinasema maneno yaleyale bila kunywa chai wala kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Mama Geti alishuka kwenye kreti. Hakulia, lakini kwa muda mrefu baadaye, kila akipita sokoni, alizunguka upande wa samaki asikisikie kile kidude.

Ndiyo maana, kompyuta zilipofika shuleni, alizitazama kwa jicho la pembeni.

Zilikuwa kompyuta mpakato za bei nafuu, za plastiki nene, zenye kishikio kama cha kibegi, zimetengenezwa na mtu aliyejua kabisa kwamba mtoto ataziangusha. Aliyezisimamia ni mwalimu kijana ambaye kila siku alikuwa na nyaya shingoni, hata watoto wakamwita Mwalimu Waya. Siku ya kwanza alizipitisha getini kwenye mkokoteni, na Mama Geti akaufungua mlango nusu.

"Hivyo vinasema?" aliuliza.

"Vinasema, mama. Vinawasomea watoto herufi, vinawapa hesabu, vinawaambia wamepata au wamekosa."

"Na mimi nitaambiwa lini niende nyumbani?"

Mwalimu Waya alicheka akidhani ni utani. Mkokoteni ukapita kwa shida, kwa sababu nusu ya pili ya mlango haikufunguliwa.

Shida ya vile vibegi ilijulikana mapema. Sauti iliyokuja nayo ilikuwa ya mtu wa mbali, ikisema Kiswahili kana kwamba inatembea peku juu ya changarawe. Watoto wa darasa la pili hawakujifunza kusoma, walijifunza kuigiza. Mchana kutwa uwanja ulijaa vitoto vinavyosemea puani. Mwalimu Mkuu, mama mwenye miwani ya kamba na subira ya kupimwa, akamwita Mwalimu Waya ofisini.

"Hii sauti haiwezi kutolewa?"

"Inaweza. Programu yenyewe ni huria, mwalimu. Haina mwenyewe aliyeifungia kabatini. Yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuibadili, kisha kumpa mwenzake. Tunachohitaji ni mtu wa kutuazima sauti. Mtu anayesikika vizuri."

Hapo hapo, dirishani, ikaingia: "Kijogoo! Shati ndani! Ndani ya suruali, si ndani ya begi!"

Wakatazamana.

Mama Geti alipoambiwa, alidhani anatafutiwa kosa. Akauliza mara mbili. Akauliza tena kwa kuzunguka, kama mtu anayekagua samaki kwenye macho. Hatimaye akavuka barabara mpaka kibandani, akasimama mbele ya mumewe bila kusema kitu, na hilo peke yake lilimfanya mzee adondoshe bisibisi.

"Nani amekufa?"

"Wanaitaka sauti yangu."

"Wanaitaka ipungue?"

"Wanaitaka, baba watoto. Wanaitaka tu."

Fundi alimtazama mkewe. Tangu amwoe, hakuwahi kumwona akiongea taratibu bila kukanyagwa.

Walirekodi katika stoo ya magodoro ya michezo, kwa sababu ndicho chumba pekee kisicho na mwangwi. Mwanzoni Mama Geti alikaa karibu na kompyuta, akasema "a", na ule mstari wa sauti kwenye kioo ukapanda wote ukawa mwekundu. Akasogezwa hatua kadhaa. Bado mwekundu. Mwishowe Mwalimu Waya alibaki ndani na mashine, Mama Geti akasimama nje, mlango ukafunguliwa kidogo, na hapo ndipo mashine ikapumua. Akasema herufi zote. Akasema nyumba, mbuzi, kijiko, ng'ombe. Ng'ombe alimsema mpaka unaona pembe. Mwisho akasema maneno ya kusahihishia: "Vizuri!" kwa anayepata, na "Umekosea!" kwa anayekosa.

Jioni aliwasimulia majirani wote, na wasiokuwepo walisikia hivyo hivyo.

Sasa, lazima niseme desturi moja ya lile geti, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Mtoto aliyechelewa, aliyesahau daftari, aliyemsukuma mwenzake njiani, alisimama mbele ya Mama Geti akalisema kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe. Hachapwi, haandikwi popote. Mama Geti humfokea kwa kadiri ya kosa, kisha husema, "Haya, pita." Ukishaambiwa "haya, pita" jambo limekwisha, hata mwalimu hana ruhusa ya kulifufua. Lakini kabla ya neno hilo hakuna anayepita. Watoto walilijua hili kuliko walivyojua jedwali la mbili.

Asubuhi ya kwanza ya sauti mpya, Mama Geti alikaa kwenye kigoda chake karibu na geti, uso umetazama darasani, masikio yamesimama. Alijisikia akisema "a". Alijisikia akisema "mbuzi". Moyo ukamjaa. Mle ndani alikuwa akiongea mahali pengi kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekuwa akimwambia apunguze.

Kisha mlango wa darasa ukafunguliwa, akatoka mtoto mmoja, akatembea uwanja mzima mpaka mbele yake. Alikuwa Kijogoo.

"Shikamoo, Mama Geti."

"Marahaba. Unatafuta nini huku saa za masomo?"

"Nimekosea."

"Umekosea nini?"

"Hesabu."

Kabla hajamjibu, akatokea wa pili, kisha watatu wameshikana mikono, na nyuma yao kabisa msichana aliyeitwa Bibi Harusi, kwa sababu kila alikokwenda alitembea kama anayesindikizwa na matarumbeta. Wakajipanga mstari.

"Na wewe?"

"Nimeandika mbuzi, nikasahau u."

"Wewe je?"

"Mimi sijui nilichokosea, lakini umenifokea."

Mwalimu Waya alikuja mbio, nyaya zikimpiga mgongoni. Darasani alibaki na watoto watatu, na hao walikuwa wamefunga kompyuta zao na kukunja mikono, hawataki kugusa kitu, wasije wakaitwa getini.

Ikawa hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata. Mtoto akisikia "Umekosea!" anasimama, anaweka kiti chake vizuri, anakwenda kuungama. Wazazi waliopita njiani waliona mstari wakadhani kuna chanjo. Ng'ambo ya barabara, Fundi alikaa na gurudumu mapajani, akicheka mpaka anashindwa kuona tundu la pancha.

Mwalimu Mkuu hakucheka. Au alicheka ofisini, mlango umefungwa, kisha akavaa miwani akatoka.

"Mama Geti, sauti yako naipenda. Nasema kweli. Lakini darasa limehamia getini."

"Naliona, mwalimu."

"Ijumaa nitakuja kusimama hapa mwenyewe. Nikiuona huu mstari, tutaitoa sauti yako. Tutamtafuta mtu mwingine. Usinielewe vibaya."

Mama Geti akasema amemwelewa. Akalisema kwa sauti ndogo, na Mwalimu Mkuu aliporudi ofisini alitembea kama mtu aliyekanyaga kifaranga.

Siku nzima ile, lile geti lilifunguka na kufungwa bila maneno. Waliochelewa waliingia bila kuulizwa, wakageuka nyuma mara kwa mara, wakiogopa. Kuna huzuni ambayo mtu mwenye sauti kubwa huipata peke yake: anaponyamaza, watu hudhani amepumzika. Mama Geti alikuwa akikifikiria kile kidude cha sokoni kwenye nguzo. Safari ile alishushwa kwa sababu mashine iliweza kusema badala yake. Safari hii angeshushwa kutoka ndani ya mashine yenyewe, na hilo hakuwa amesikia likimpata mtu mwingine yeyote.

Mwalimu Waya ndiye aliyemfuata. "Mama, bado tuna nafasi. Turekodi upya. Neno lilelile, ila useme kwa upole."

"Upole gani?"

"Kama unaongea na mgonjwa."

Wakarudi stoo ya magodoro. Mama Geti akafumba macho, akakusanya kila upole aliowahi kuusikia kwa watu wengine, akasema, "Umekosea..." Ilitoka kama mlango wa kabati la zamani. Mwalimu Waya akasema hiyo hiyo inatosha, akaiweka.

Kesho yake mstari getini ulikuwa mrefu kuliko wa mwanzo.

"Shikamoo, Mama Geti. Pole."

"Marahaba. Pole ya nini?"

"Tumesikia unaumwa."

Kijogoo alikuwa amemletea nusu ya andazi lake. Bibi Harusi, alipofika hatimaye, alimgusa paji la uso kwa kiganja, akatikisa kichwa kama daktari, akasema hana homa lakini asichezee maji. Mama Geti hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili, na mtaa mzima ukajua haumwi.

Jioni hiyo nyumbani aliweka chakula mezani kimya. Chumba chao kilikuwa na meza, kitanda, pazia katikati, na gurudumu la baiskeli ambalo halikuwahi kukosa kuwepo ukutani. Fundi alikaa. Akautazama mkono wa mkewe ukigawa chakula. Hakula.

"Mbona huli?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini? Chumvi hiyo hapo."

"Wewe leo asubuhi ulinifokea kuhusu grisi kwenye taulo."

"Nilikufokea, ndiyo. Taulo langu jipya!"

"Ulinifokea, ukaondoka. Hukumaliza." Fundi aliongea akiangalia sahani. "Ukinifokea huwa unamaliza. Unasema, haya, njoo ule. Ukishasema hivyo najua kesi imefungwa. Usiposema, mimi kutwa nzima nipo mahakamani. Leo nimemfungia mteja breki upande usio wake."

Mama Geti alibaki na kijiko hewani.

"Rudia."

"Nimefunga breki upande..."

"Si hilo! La mbele yake."

"Kwamba hukumaliza?"

Kijiko kikashuka. "Ee, Fundi! Baba watoto! Kile kikompyuta hakimalizi! Kinawafokea, kisha kinanyamaza! Watoto wanabaki wamesimama! Wanakuja kwangu kutafuta mwisho!"

"Basi usinipigie kelele mimi, kawaambie wao."

"Haya, kula!"

"Ahsante," akasema Fundi, akavuta sahani.

Alfajiri Mwalimu Waya alimkuta Mama Geti ameshafika kwenye mlango wa stoo, kitambaa kipya kichwani. Alimweleza. Mwalimu kijana alisimama kidogo, akajikuna chini ya nyaya.

"Lakini programu ina nafasi ya neno moja tu kwa anayekosa."

"Kwani si ulisema haijafungiwa kabatini?"

"Haijafungiwa."

"Basi isogeze."

Akakaa chini juu ya godoro, akaifungua ile programu mahali ambapo maandishi yake yanaonekana, mistari juu ya mistari kama mshono wa ndani wa nguo. Akafuta, akaandika, mashine ikakataa. Akaandika tena, ikasema herufi zote kinyumenyume, "mbuzi" akitangulia "a". Mama Geti alimwambia pole pole, mwanangu, hata suruali haipunguzwi ukiwa umeivaa. Kengele ya asubuhi ilipogongwa, ilikubali. Sasa mtoto akikosa angesikia mambo matatu kwa zamu. Kwanza, "Umekosea!" kwa sauti yake ileile ya getini, isiyopunguzwa hata chembe. Kisha kimya kifupi, cha mtoto kutazama mwenyewe alipokosea na kupasahihisha. Halafu, "Haya, pita!"

Alilirekodi hilo neno akiwa nje ya mlango, na kwa mara ya kwanza Mwalimu Waya aligundua kwamba analisema akitabasamu. Unaweza kulisikia tabasamu hata bila kumwona. Hakumwambia. Aliogopa akiambiwa ataanza kulifanyia kazi.

Ijumaa Mwalimu Mkuu alikuja kama alivyoahidi. Alisimama kando ya kigoda, mikono nyuma. Mama Geti aliinuka kwa heshima, akakaa, akainuka tena.

"Kaa tu, mama."

"Nikikaa sioni."

Kutoka darasani zilianza herufi. Kisha, "Umekosea!" Ndege waliokuwa juu ya ukuta wakahama. Wote wawili wakatazama mlango wa darasa. Fundi naye, ng'ambo, aliacha kupiga pampu. Mlango haukufunguka. Ikaja "Haya, pita!" na baada yake mtoto fulani akacheka, kiti kikaburuzwa, herufi zikaendelea. "Umekosea!" tena, mahali pengine. "Haya, pita!" Zikawa zinapishana, huku na kule, umekosea, haya pita, umekosea, haya pita, kama watu wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Hakuna aliyetoka.

Mwalimu Mkuu alisubiri mpaka jua likamfikia kwenye viatu. Kisha akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Basi, mama. Inabaki."

"Inabaki?"

"Inabaki. Na Mwalimu Waya anasema kuna shule nyingine zinaitaka hivyo hivyo ilivyo. Amewaambia waichukue, maana hata sisi tulipewa bure." Akasita. "Ila wameuliza kama haiwezi kupunguzwa kidogo."

"Ukawajibuje?"

"Nimewajibu wasogeze viti nyuma."

Akaenda zake. Mama Geti alibaki kwenye kigoda, ameshinda, na uwanja mtupu mbele yake. Alitaka kufurahi na akafurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa na kona moja baridi. Kwa siku kadhaa alikuwa na mstari wa watoto waliokuja kumwambia mambo yao. Sasa mashine ilikuwa inawafokea na kuwasamehe, yote kwa sauti yake, na yeye mwenyewe hapakuwa na wa kumfokea mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Akazichokonoa kokoto kwa rungu. Akatazama barabarani kama kuna hata mbuzi wa kumuuliza anakwenda wapi.

Mlango wa darasa ukafunguka.

Alikuwa Bibi Harusi. Alitembea uwanja ule kwa mwendo wake, na Mama Geti alikuwa na muda wa kutosha wa kuingiwa na hofu, kuhesabu upya kila kilichoweza kuharibika kwenye ile programu, na kugeuka mara mbili kuangalia kama Mwalimu Mkuu bado yuko karibu.

"Shikamoo, Mama Geti."

"Marahaba. Umekosea?"

"Hapana."

"Haikusema haya, pita?"

"Sikukosea. Nimesoma sentensi yote. Ile ndefu, ya ng'ombe na daraja."

"Yote?"

"Mpaka nukta."

"Sasa kompyuta haikukwambia vizuri?"

"Imeniambia."

"Na ile si sauti yangu?"

"Ni yako."

"Basi kama nimeshakwambia mle ndani, huku umefuata nini?"

Bibi Harusi alimtazama kwa mshangao, kama mtu anayelazimika kueleza kitu kilicho wazi.

"Ile haijui kama ni mimi."

Mama Geti aliweka rungu chini. Alikohoa. Alirekebisha kitambaa kichwani, akasimama wima kama alivyosimama zamani juu ya kreti, akavuta hewa mpaka vifungo vya koti vikalalamika.

"BIBI HARUSI AMESOMA! MSIKIE HUKO! AMESOMA SENTENSI YOTE, MPAKA NUKTA!"

Madirisha yakafunguka. Mwalimu Waya akatoka mbio, Mwalimu Mkuu akatokea mlangoni miwani mkononi, akiuliza kuna moto wapi. Ng'ambo ya barabara Fundi alisimama, akagonga kengele za baiskeli zote zilizokuwa kibandani, za wateja na zake, moja baada ya nyingine.

Bibi Harusi alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa kidogo upande, kama anayepima kitambaa.

"Wa nyumba za kule nyuma hawajasikia," akasema.

Mama Geti akageukia nyumba za kule nyuma.